Cultural Centre, Brisbane: kwa nini mabasi hupanga foleni mlangoni pa makumbusho

South East Busway ya Brisbane, Australia, ni barabara iliyojengwa kwa ajili ya mabasi peke yake. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2001 ikafika Eight Mile Plains, kusini mwa jiji. Basi likishaingia humo halikutani na magari binafsi, na kwa sehemu kubwa ya safari halisimamishwi na chochote isipokuwa abiria. Mambo hubadilika likikaribia katikati ya jiji. Likiwa limebakiza kuvuka mto tu, linafika Cultural Centre, kituo kilichopo Melbourne Street, South Brisbane, na saa za asubuhi na jioni linakuta mengine yamelitangulia, yamejipanga.

Anayetazama foleni hiyo akiwa jukwaani, pale abiria wanaposubiri basi, husema mabasi yamezidi. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Barabara ileile, yenye mabasi mengi yaleyale, haina foleni kama hiyo kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Tatizo la Cultural Centre ni sekunde ambazo basi linasimama, namna sekunde hizo zinavyotofautiana kati ya basi moja na jingine, na mpangilio wa vitu vitatu vilivyofuatana kwenye mstari mmoja mfupi: taa za barabarani, jukwaa na daraja.

Kituo chenye kazi tatu

Kituo hiki kimezungukwa na majengo ya sanaa na utamaduni yaliyosanifiwa na Robin Gibson. Jumba la sanaa, Queensland Art Gallery, lilifunguliwa 1982. Kumbi za maonyesho za QPAC, 1985. Queensland Museum ikahamia hapo 1986. Maktaba ya jimbo ikafuata 1988. Mwaka 2006 likaongezeka jumba la sanaa za kisasa, GOMA, upande wa kaskazini zaidi. Melbourne Street inapita katikati: makumbusho na jumba la sanaa upande mmoja, QPAC upande wa pili, na juu ya barabara kuna daraja la waenda kwa miguu linaloziunganisha pande hizo.

Mtu angetegemea kituo cha eneo la namna hii kiwe cha utulivu, chenye watalii na watoto wa shule. Ndivyo kilivyo, lakini hiyo ni kazi yake ya tatu. Kazi ya kwanza ni kupitisha karibu kila basi linalotoka kusini kuelekea katikati ya jiji kupitia busway. Kazi ya pili ni kubadilishia mabasi. Mtandao wa Brisbane ulijengwa kwa mfumo wa wazi: njia nyingi huanzia mitaani, zikaingia kwenye busway katikati ya safari, kisha zote zikaelekea mjini. Faida yake ni kwamba abiria wa kitongoji anafika mjini bila kushuka njiani. Hasara yake ni kwamba njia zote hukutana kwenye shingo ileile, na hapo ndipo abiria anayetaka kwenda kwingine hushuka kusubiri basi la pili.

Katika saa za msongamano kituo kimewahi kupitisha mabasi zaidi ya 200 kwa saa kwa upande mmoja. Hayo ni mabasi yanayofuatana kwa sekunde 18 au pungufu. Treni ya chini ya ardhi inayokuja kila baada ya dakika mbili huhesabiwa kuwa na huduma nzuri mno. Hapa tunazungumzia magari saba ndani ya dakika hizohizo mbili, kila moja likiwa na dereva wake, milango yake na abiria wake wanaotafuta kadi mfukoni.

Hesabu ya nafasi moja

Chukua nafasi moja ya kusimama basi. Inahudumia mabasi mangapi kwa saa? Wahandisi wa usafiri hujumlisha vitu vitatu. Cha kwanza ni muda wa kusimama: tangu magurudumu yatulie mpaka yaanze tena kuzunguka. Cha pili ni muda wa kupisha, yaani basi kuondoka na linalofuata kuingia, ambao ni kama sekunde 10 ikiwa njia ni nyeupe. Cha tatu husahauliwa na wengi: akiba ya muda kwa ajili ya mabasi yatakayochelewa kuliko wastani. Wastani pekee hautoshi, kwa sababu basi moja hukaa sekunde 12 na la nyuma yake 55.

Tuweke tarakimu. Muda wa kusimama uwe sekunde 30, kupisha sekunde 10. Kwenye hesabu za kawaida za uwezo wa vituo, mtawanyiko wa muda, yaani kiasi ambacho muda wa basi moja hupishana na wa jingine, huchukuliwa kuwa asilimia 60 ya wastani. Tukikubali kwamba basi moja kati ya kumi litakuta nafasi imekaliwa, akiba inayohitajika ni 1.28 × 0.6 × 30, yaani sekunde 23 (1.28 ni kizidishi cha kitakwimu cha hiyo moja kati ya kumi). Jumla ni sekunde 63, na nafasi hiyo inahudumia mabasi 57 kwa saa.

Sasa weka taa ya barabarani mbele ya nafasi hiyo, iwe ya kijani nusu ya muda wote. Saa yenye sekunde 3,600 inabaki na sekunde 1,800 za kutumika. Sehemu ya muda wa kusimama huangukia wakati taa ni nyekundu, kwa hiyo huhesabiwa nusu yake, sekunde 15. Jumla inakuwa 10 + 15 + 23, yaani 48, na 1,800 ukigawa kwa 48 unapata mabasi 37 tu.

Kwenye hesabu hiyo, ukifuta akiba, yaani ukijifanya kila basi linakaa sekunde 30 kamili, unapata mabasi 72. Kutofautiana kwa muda pekee kumekula karibu nusu ya uwezo. Kwa maoni yetu hiki ndicho kiini cha suala zima. Abiria mmoja anayemuuliza dereva kama basi linafika hospitali, au anayejaribu kadi mara tatu, haongezi wastani kwa kiasi cha kuonekana. Anachoongeza ni mtawanyiko, na mtawanyiko ndio unaoua kituo.

Kuongeza nafasi nako hakuleti faida kwa uwiano sawa. Kwenye jukwaa lililonyooka, ambako mabasi husimama moja nyuma ya jingine, nafasi ya pili haifanyi kazi kama ya kwanza. Basi la nyuma likimaliza kabla ya la mbele hujikuta limezibwa. La mbele likiondoka mapema, nafasi yake hubaki tupu kwa kuwa aliye nyuma bado anapakia. Nafasi tano zenye njia ya kupita kando hufanya kazi ya takriban nafasi 3.75. Bila njia ya kupita, tano hizo hazifiki hata tatu.

Zidisha: 3.75 kwa 37 ni mabasi 139 kwa saa. Kituo cha kufikirika chenye nafasi tano hakifiki 200 kwa masharti hayo. Kinafika kwa njia mbili pamoja: muda wa kusimama upunguzwe hadi sekunde 20, na tukubali kwamba basi moja kati ya manne litasubiri nje. Hapo nafasi moja inapanda hadi mabasi 64, na tano zinapita 230. Kwa maneno mengine, kituo kinachopitisha mabasi 200 kwa saa kimekwisha kubali foleni. Foleni hiyo ni sehemu ya hesabu. Anayeiona kama ajali ya siku hiyo atatafuta mkosaji ambaye hayupo.

Kuna hasara nyingine inayotokana na urefu wa jukwaa. Watafiti wa Queensland University of Technology walichunguza kituo cha Mater Hill, kilichopo kwenye busway hiyohiyo, wakaonyesha kwamba jukwaa refu huongeza muda wa kusimama kwa sababu ya matembezi ya abiria. Ikiwa njia za mabasi hazina mahali maalumu pa kusimama, abiria husubiri karibu na mwanzo wa jukwaa, akaona basi lake likisimama nafasi ya nne, akaanza kutembea au kukimbia. Milango imefunguliwa, hakuna anayepanda, sekunde zinapita. Wafanyakazi wa kituo huweza kuelekeza watu, na mbao za taarifa husaidia, lakini maadamu basi halina nafasi yake ya kudumu, mwendo huo hauishi.

Taa kabla, taa baada

Makutano ya Melbourne Street na Grey Street yako upande wa kusini-magharibi wa kituo, na yana taa. Upande wa pili wa kituo kuna Victoria Bridge, kisha katikati ya jiji. Kwa hiyo basi la kuingia mjini hukutana na taa kwanza, jukwaa baadaye. La kutoka mjini hukutana na jukwaa kwanza, taa baadaye. Ni makutano yaleyale, lakini yanaharibu mambo kwa njia mbili tofauti, na mara nyingi watu huzichanganya.

Upande wa kuingia mjini, taa hukusanya mabasi. Tuseme mzunguko wa taa ni sekunde 120. Mabasi 200 kwa saa ni kama saba kwa kila mzunguko. Taa ikiwaka kijani, saba hayo hutoka kwa mkupuo ndani ya nusu dakika au hivi, yakafika jukwaani karibu kwa pamoja. Mabasi saba ya mita 12.5, pamoja na mwanya kati yao, yanahitaji karibu mita 100. Yasipoenea, la mwisho hubaki ndani ya makutano au dereva anajizuia kuvuka. Akijizuia, taa ya kijani inawaka bure. Ndipo unapoona jambo linalowashangaza abiria: jukwaa lilikuwa tupu sekunde 40 zilizopita, sasa limefurika, na nyuma ya taa kuna foleni. Wastani wa mabasi haujazidi uwezo. Yamefika kwa mafungu.

Upande wa kutoka mjini, basi limemaliza kupakia, milango imefungwa, lakini mbele kuna taa nyekundu. Linabaki limekalia nafasi. Kila sekunde ya taa nyekundu inahesabiwa kama sekunde ya kupakia ingawa hakuna anayepanda. Dereva mwenye huruma akifungua mlango kwa aliyechelewa, na taa ikageuka kijani wakati huohuo, zamu nzima inaweza kupotea kwa yeye na kwa walio nyuma yake. Abiria humwona katili dereva anayekataa kufungua. Ukiangalia foleni iliyo nyuma yake hadi darajani, ana sababu.

Kuongeza muda wa kijani kwa mabasi husaidia, ila dawa hiyo ina kikomo. Grey Street ina magari yake, na waenda kwa miguu wanaotoka kituo cha treni cha South Brisbane, kilicho ng'ambo ya Grey Street, wanahitaji muda wa kuvuka ambao haupunguzwi kwa sababu za usalama. Ukiwabana sana, huanza kuvuka kwa taa nyekundu, na basi linapunguza mwendo kwa sababu yao.

Daraja lenyewe, lililofunguliwa 1969, lilikuwa na tatizo lake la kuchanganya mabasi na magari. Januari 2021 magari binafsi yaliondolewa, likabaki la mabasi, baiskeli na waenda kwa miguu. Hatua hiyo iliondoa mvutano wa njia juu ya daraja. Haikugusa jukwaa wala taa za Grey Street. Yeyote aliyetarajia foleni ya kituoni iishe kwa sababu daraja limefunguka alikuwa anatibu kiungo kingine.

Ipo njia ya kukwepa yote haya. Baadhi ya mabasi ya haraka hutoka kwenye busway huko Woolloongabba, yakavuka mto kupitia Captain Cook Bridge na kuingia mjini bila kuiona Cultural Centre. Kila basi linalopita huko linaachia nafasi jukwaani. Gharama yake ni kwamba abiria wake hawezi kubadilisha basi Cultural Centre wala kushuka makumbusho, na barabara ya daraja hilo ni ya magari yote, kwa hiyo kukiwa na ajali huko muda hautabiriki.

Kilichobadilishwa na Metro, na kilichobaki

Jina Brisbane Metro linapotosha kidogo. Huduma hiyo haina reli. Ni mabasi ya umeme yenye vipande vitatu, urefu wa zaidi kidogo ya mita 24, yaliyotengenezwa na HESS ya Uswisi, yanayobeba watu 150 kwa kawaida na hadi 170 siku za matukio makubwa. Njia ya M2, kati ya UQ Lakes, kituo cha chuo kikuu cha University of Queensland, na RBWH, hospitali ya Royal Brisbane and Women's, ilianza Januari 2025 ikichukua nafasi ya njia namba 66. M1, kati ya Eight Mile Plains na Roma Street, ilianza Juni mwaka huohuo ikichukua nafasi ya 111. Zote mbili husimama Cultural Centre.

Mipango ya awali ilikuwa na kituo cha chini ya ardhi mahali hapa, ambacho kingeondoa mabasi kwenye taa za Grey Street. Baraza la jiji na serikali ya jimbo hawakuafikiana, kikaachwa, na kituo kikabaki pale pale juu. Hivyo tatizo la mpangilio wa taa na jukwaa lipo kama lilivyokuwa. Kilichobadilika ni magari.

Watu huangalia urefu wa gari wakadhani huko ndiko kwenye faida. Gari la mita 24 linakula nafasi ya mabasi mawili ya kawaida na linabeba watu kidogo tu zaidi ya mabasi mawili. Kwa kila mita ya jukwaa faida hiyo ni ndogo. Faida kubwa iko kwenye milango. Gari lina milango minne mipana, na abiria hupanda na kushuka kupitia wowote. Kwenye basi linalopakia kwa mlango wa mbele tu, watu 30 wanaogusa kadi mmoja mmoja kwa sekunde tatu kila mtu huchukua dakika moja na nusu. Wagawe kwenye milango minne, kila mlango ukipokea wawili bega kwa bega, unapata kama robo dakika pamoja na kufungua na kufunga. Na mtawanyiko nao hushuka: mtu mmoja aliyekwama na kadi anazuia nusu ya mlango mmoja, wengine wanaendelea.

Masharti yake ni kwamba abiria wajitawanye. Wakijikusanya kwenye mlango wa kwanza kwa mazoea, milango mitatu inabaki pambo. Vilevile gari refu ni kali zaidi kwa makosa ya kusimama. Likikuta nafasi ya mita 18 iliyoachwa na mabasi yaliyosimama ovyo, haliingii. Linasubiri nje, na linaposubiri linaziba nafasi ya mabasi mawili. Kwa hiyo nidhamu ya kusogea mbele hadi mwisho wa jukwaa, ambayo zamani ilikuwa ya kusaidiana, sasa ni ya lazima.

Nauli nayo ina mchango. Tangu Agosti 2024 safari moja ya usafiri wa umma Queensland ni senti 50 za Australia. Bei moja kwa wote hupunguza maswali kwa dereva, jambo zuri kwa mtawanyiko, na wakati huohuo huvuta abiria zaidi, jambo linalorefusha muda wa kupakia. Hayo mawili yanavutana jukwaa lilelile.

Kwa anayekwenda makumbusho au onyesho

Australia huendesha kushoto. Hivyo basi litokalo kusini kwenda mjini hukushusha upande wa makumbusho na jumba la sanaa, na litokalo mjini hukushusha upande wa QPAC. Ukishuka upande usio wako, panda daraja la juu. Kuzunguka hadi taa za Grey Street ni kupoteza muda, tena unaongeza mtu kwenye makutano ambayo tayari yamelemewa. GOMA na maktaba ziko mbele zaidi kaskazini, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa bustani za South Bank, usishuke hapa ukitokea mjini. Kaa kituo kimoja zaidi.

Jukwaani, simama katikati ili basi lolote litakaposimama usiwe na safari ndefu. Nyosha mkono mapema unapoona basi lako, kwa sababu jukwaa lina njia nyingi na dereva hajui unasubiri ipi. Kadi iwe mkononi kabla milango haijafunguka. Gusa unapopanda, gusa tena unaposhuka. Ikiwezekana fanya maandalizi ya kushuka kabla ya basi kuvuka daraja.

Usiku una tatizo la sura nyingine. Lyric Theatre ya QPAC ina viti takriban 2,000 na ukumbi wa tamasha karibu 1,600. Maonyesho mawili yakimalizika kwa pamoja, watu elfu tatu na zaidi hutoka ndani ya robo saa, wakati ratiba ya mabasi imekwisha pungua. Wengi wana magari, wengine huvuka Grey Street kupanda treni. Lakini hata mmoja kati ya kumi akija jukwaani, ni watu 300, yaani magari mawili ya Metro yaliyojaa pomoni. Taa wakati huo hazina msongamano na nafasi za kusimama ziko tupu. Kinachokosekana ni basi lenyewe. Anayetaka kukwepa hapo ana hiari mbili zinazofanya kazi: kutoka haraka taa za ukumbi zikiwaka na kuwahi gari la kwanza, au kutembea hadi kituo cha South Bank, ambako mabasi yatokayo kusini kuelekea mjini hufika kabla hayajaupokea umati wa Cultural Centre. Kwa anayekwenda kusini hiari ya pili haina maana, kwani gari litakuwa limekwisha kujaa Cultural Centre.